Kidole Gumba ni Shahidi, si Ufunguo

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema na Ikombe, wako kina mama wa Kikisi ambao kazi yao tangu enzi za mababu ni kufinyanga vyungu. Udongo huukanda kwa viganja, chungu hukijenga kwa vidole, kisha hukisugua mpaka kilainike. Mmoja wao nilimkuta katika kibanda cha wakala wa simu, akiwa amekuja kusajili laini yake. Kijana wa kibandani alimwamkia kwa adabu, “Shikamoo, bibi,” naye akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu.” Kijana akakishika kidole gumba cha bibi na kukikandamiza juu ya kioo cha mashine. “Haijasoma, bibi. Weka tena.” Kidole kikapanguswa kwa kitambaa, kikawekwa tena. “Bado, bibi.” Mara ya sita mashine ikakubali, na bibi akaondoka akishukuru.

Huenda kijana yule alikuwa mwaminifu kabisa. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwetu tuliokuwa kwenye foleni aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa: je, mara zile tano za kwanza mashine ilikataa kweli? Na kama ilikubali, ilikubali kitu gani? Kioo kilielekea kwa kijana, wala bibi hakukiona.

Swali hili lina uzito mkubwa leo kuliko zamani. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa fedha wa mamilioni ya Watanzania. Fedha ya mchele wa Kyela, ya kakao, ya usipa na ya vyungu hupita humo. Katika simu janja, programu za benki humruhusu mteja kuingia katika akaunti yake kwa kugusa tu kwa kidole, badala ya kuandika namba ya siri. Jambo hili limepokewa kwa furaha, na watu wengi huamini kwamba kidole, kwa kuwa hakifanani na cha mtu mwingine, ndicho kufuli imara kuliko zote. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini imani hiyo ni nusu ya ukweli, na kwa nini nusu iliyobaki yaweza kumgharimu mkulima mavuno yake ya mwaka mzima.

Yafaa tuanze na asili ya jambo lenyewe. Matuta madogo yaliyo kwenye ncha za vidole hujiunda mtoto angali tumboni mwa mama, kabla mimba haijatimiza miezi sita, na umbo lake hudumu hadi kifo. Hata mapacha wa kufanana hawana alama zilizo sawa. Mwaka 1858 ofisa mmoja wa Kiingereza aliyeitwa William Herschel, akiwa huko Bengal, alimtaka mkandarasi wa huko aweke alama ya kiganja chake kwenye mkataba, ili baadaye asije akaukana. Mwaka 1892 Francis Galton alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa kisayansi wa utambuzi wa alama hizo. Katika Kenya ya kikoloni alama za vidole ziliwekwa kwenye kipande, ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukibeba kila waendako ili serikali na waajiri wawatambue na kuwafuatilia.

Katika mifano yote hiyo alama ya kidole ilifanya kazi moja tu, nayo ni kutoa ushahidi kwamba mtu fulani ndiye huyu. Ilikuwa shahidi. Haikuwa ufunguo, na tofauti kati ya vitu hivi viwili ni kubwa. Shahidi husimama mbele za watu, akaonekana na kila mtu, na kuonekana kwake hakumpunguzii thamani. Ufunguo hufichwa, na ukionekana na mwizi au ukipotea, mwenye nyumba hubadilisha kufuli. Namba ya siri ni ufunguo, kwa sababu yaweza kufichwa na yaweza kubadilishwa. Kidole hakifichiki, maana tunakiacha kwenye bilauri, kwenye kasia, kwenye mpini wa jembe na kwenye kioo cha simu yenyewe. Tena hakibadilishiki. Mtu ana vidole kumi, na vikishajulikana vyote hana vingine.

Wala hili si jambo la kufikirika tu. Mwaka 2002 mtaalamu wa Kijapani, Tsutomu Matsumoto, pamoja na wenzake walitengeneza vidole vya bandia kwa jelatini, kitu cha kawaida cha jikoni, na vidole hivyo vikazidanganya mashine 11 za aina mbalimbali zilizokuwa zikiuzwa madukani. Mnamo Septemba 2013, siku chache tu baada ya simu ya iPhone 5s kuanza kuuzwa ikiwa na kitambuzi cha kidole, wanachama wa Chaos Computer Club ya Ujerumani walikifungua kwa kidole cha bandia kilichotokana na picha ya alama iliyoachwa kwenye kioo. Mwaka 2014 mwanachama mmoja wa klabu hiyo alionyesha hadharani jinsi alivyoipata alama ya kidole gumba cha Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo kutokana na picha tu, bila hata kumkaribia.

Msomaji aweza kusema kwamba pale Ipinda au Ngonga hakuna mwizi atakayehangaika na jelatini na kamera. Ni kweli, nami nakubaliana naye. Hatari ya kwetu ni ya namna nyingine, na ili tuielewe hatuna budi kujua jinsi mashine inavyosoma.

Aina moja ya kitambuzi, inayotumika sana katika simu, ina vibati vidogo mno vyenye chaji ya umeme. Kidole kinapogusa, matuta hukaribia vibati kuliko mifereji iliyo kati ya matuta, na tofauti hiyo ndogo ya chaji huchora picha. Kisha programu hutafuta mahali tuta linapoishia na mahali linapogawanyika panda. Mpangilio wa alama hizo ndio unaohifadhiwa kama kielelezo. Siku nyingine ukiweka kidole, mashine hulinganisha mpangilio mpya na ule wa zamani. Kwa kuwa hakuna siku mbili ambazo kidole huwekwa sawasawa kabisa, mashine haiwezi kutafuta usawa kamili. Hutafuta ufanano wa kutosha, na aliyeitengeneza ndiye anayeamua kiasi gani kinatosha.

Wavuvi wa ziwa letu wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wengi. Wavu wa tundu dogo hunasa usipa, lakini hunasa pia na vifaranga vya samaki ambavyo mvuvi hakuvikusudia. Wavu wa tundu kubwa huviacha vifaranga, lakini usipa nao hupita. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Ikiwekwa iwe kali, humkataa mwenye mali. Ikilegezwa, huweza kumkubali mgeni. Kampuni ya Apple husema kwamba uwezekano wa kidole cha mtu mwingine yeyote kufungua simu yake ni mmoja katika 50,000. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Kwa hesabu hiyo kidole chaonekana kushinda.

Lakini hesabu hiyo inamhusu mtu baki anayebahatisha. Mwizi wa fedha za simu aghalabu si mtu baki. Ni kijana wa nyumbani anayeombwa kumsaidia babu kutuma fedha. Ni rafiki aliyeketi naye kilabuni hadi usiku wa manane. Mtu aliyelala hawezi kutaja namba ya siri, lakini kidole chake chaweza kuchukuliwa na kuwekwa kwenye simu pasipo yeye kuamka. Aidha, simu nyingi huruhusu vidole kadhaa kusajiliwa, na yeyote ambaye kidole chake kimo ndani ya simu aweza kuonekana mbele ya programu ya benki kama mwenye akaunti, isipokuwa kama programu hiyo imetengenezwa ili isitishe ruhusa pale kidole kipya kinapoongezwa.

Lipo na jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kidole kikikataliwa mara kadhaa, simu hurudi kuomba namba. Maana yake ni kwamba kidole hakikuiondoa namba ya siri, bali kimeongezwa kando yake kama mlango wa pili. Nyumba yenye milango miwili haiwi na usalama kuliko mlango ulio dhaifu. Mtu ambaye namba yake ni mwaka wake wa kuzaliwa hajapata ulinzi wowote mpya kwa kusajili kidole chake.

Haki yataka nieleze pia faida, maana zipo. Kidole kinamkinga mteja na macho ya watu wanaosimama nyuma yake akiandika namba kibandani. Kinamsaidia asiyejua kusoma vizuri na mzee anayesahau, watu ambao leo hulazimika kumtajia wakala namba zao kwa sauti. Tena, katika simu janja nyingi za leo kielelezo cha kidole hufungiwa katika sehemu maalumu ndani ya simu, wala hakipelekwi benki. Kinachokwenda benki ni uthibitisho wa kihesabu kwamba simu hii imemtambua mwenyewe. Huu ni mpango mzuri, kwa kuwa simu ikipotea hupotea kielelezo kimoja, si vya wateja wote.

Ila ni lazima tutofautishe kidole kinachosomwa na simu yako mwenyewe na kidole kinachosomwa na mashine ya mtu mwingine. Wananchi wengi wa vijijini hutumia simu ndogo za vitufe, zisizo na kitambuzi. Kwao hao kidole hutumika kwa wakala. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na baada ya mwisho wa awali wa Desemba 31 kusogezwa mbele, ulifikia ukomo Januari 20, 2020. Alama iliyochukuliwa kibandani ililinganishwa na ile iliyohifadhiwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Lengo lilikuwa jema, yaani kila laini ijulikane mwenyewe. Lakini udanganyifu mmoja ulijitokeza: wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, humwomba aweke tena, na mguso ule wa pili humsajilia laini nyingine asiyoijua. Laini hiyo huuzwa kwa matapeli, na siku polisi wanapoitafuta, jina wanalolikuta ni la mkulima ambaye hajawahi kumtapeli mtu.

Hapa ndipo wino wa zamani ulipokuwa na heshima kuliko kioo cha leo. Mkulima asiyejua kuandika alipotia dole gumba katika karatasi, alama ilibaki katika karatasi ileile. Ilionekana kwa macho, na haikuweza kuhama yenyewe kwenda kwenye karatasi nyingine. Mguso wa leo hauachi alama yoyote ambayo mwenyewe aweza kuiona. Hajui umetumika kwa jambo gani, wala mara ngapi.

Na ni nani wanaoambiwa “weka tena” mara nyingi zaidi? Ni wale ambao mikono yao ndiyo chombo chao cha kazi. Udongo, mchanga, saruji na mipini husaga matuta ya vidole. Maji ya jaruba la mpunga huikunjakunja ngozi, utomvu wa kakao huifunika, na uzee huyapunguza matuta na kuikausha ngozi. Matuta yaliyosagwa juujuu huota tena mtu akipumzika, lakini mfinyanzi na mkulima hawapumziki. Hivyo basi chombo kilichobuniwa kwa mikono ya watu wa ofisini huwatilia shaka watu wanaofanya kazi ngumu, na shaka hiyo ndiyo inayowaweka mikononi mwa yule anayeshika mashine. Wakala akisema haijasoma, bibi wa vyungu anaamini, kwa kuwa ni kweli kwamba mara nyingi haisomi. Usalama na usawa hapa ni jambo moja.

Ipo pia hatari ya ghala. Alama za watu wengi zikikusanywa mahali pamoja, mahali hapo hugeuka lengo la wezi. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 waliohusika na utumishi wa serikali zilikuwa zimeibwa kutoka katika kumbukumbu zake. Taifa hilo lenye wataalamu tele halikuweza kuwapa watu hao vidole vipya. Kwetu sisi Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za kibayometria miongoni mwa taarifa nyeti. Msingi upo, na kazi iliyobaki ni kuutumia hadi kwenye kibanda cha kijijini.

Kwa maoni yangu, mambo manne yapaswa kutendeka. Kwanza, benki na kampuni za simu ziendelee kukiacha kielelezo cha kidole ndani ya simu ya mteja, wala zisijenge maghala yao wenyewe ya alama kwa kisingizio cha kurahisisha huduma. Pili, kidole kitumike kumtambulisha mtu na kumwonyesha salio, lakini kutoa fedha nyingi kudai pia namba ya siri, ili shahidi na ufunguo wasimame pamoja. Na kidole kipya kikiongezwa kwenye simu, programu ya benki imdai mteja ajithibitishe upya. Tatu, kila mguso katika mashine ya wakala ufuatwe na ujumbe wa Kiswahili chepesi kwa mteja, ukisema kidole chake kimetumika kwa jambo gani. Na kioo cha mashine kielekezwe kwa mteja kabla ya kugusa, hata pale mashine inapokataa. Nne, mtu ambaye vidole vyake havisomeki apewe njia nyingine yenye heshima ileile, bila kuambiwa arudi kesho wala kulazimika kumtajia mtu namba yake.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Anayetumia simu janja asajili zaidi ya kidole kimoja, hasa vya mkono ule asioufanyia kazi sana, na mara kwa mara akague orodha ya vidole vilivyomo ili ajue kama kimeongezwa cha mtu mwingine. Namba yake isiwe mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu zinazofuatana. Anayekwenda kwa wakala, na akiombwa kurudia, aulize kwa nini na atazame kioo mwenyewe. Kisha apige *106# aone ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aitolee taarifa mara moja kwa mtoa huduma. Asiyejua kusoma afanyiwe hivyo na mtoto wake amwaminiye, mbele ya macho yake.

Hakuna katika haya yanayomtaka mtu aiogope sayansi. Mashine inayosoma matuta ya kidole ni matunda ya akili njema, na mfinyanzi wa Ikombe anastahili kuifaidi sawa na mkurugenzi wa Dar es Salaam. Lakini ataifaidi pale tu kidole chake kitakapohesabiwa kuwa neno lake mwenyewe, linalotolewa kwa jambo moja analolijua. Bibi yule aliguswa kidole mara sita akaondoka na laini moja. Ni haki yake kuonyeshwa kwamba ilikuwa moja kweli.